Fataki ya Jumanne

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa nne usiku na dakika zake, nilikuwa sebuleni nakunja nguo za watoto. Umeme ulikuwepo. Jirani alikuwa anaangalia tamthilia ya Kituruki kwa sauti ya kutugawia wote, na mama alikuwa chumbani kwake anavuta tasbihi. Ukapiga mlio mmoja. Madirisha yakatikisika, bati la banda la kuku likaitikia, mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Kabla sijainua kichwa nikasikia mama anapapasa chini ya kitanda anatafuta viatu.

Viatu, si kandambili. Mama ana raba nyeusi za kamba ambazo hajawahi kuzivaa kwenda sokoni wala msibani. Zinakaa chini ya kitanda, kamba zimelegezwa, ncha zimeelekea mlangoni. Pembeni yake kuna begi la shule lililochakaa, lilikuwa la mdogo wangu. Ndani mna vyeti vya kuzaliwa vya wanawe wote, karatasi ya mauziano ya kiwanja, khanga doti moja, tochi, na chupa ya maji anayoibadilisha kila Ijumaa. Begi hilo liko pale tangu Februari 2011.

"Fataki hiyo, mama," nikamwambia.

Akatokea mlangoni, raba moja mguuni, nyingine mkononi. "Umejuaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakosa la kusema. Haikuwa mkesha wa Mwaka Mpya. Haikuwa Idi wala Diwali, na Simba na Yanga hawakuwa wamecheza. Ilikuwa Jumanne tu, siku ya kuloweka maharage. Mlio umepigwa gizani nyuma ya nyumba za watu, na mimi nimesema ni fataki kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe.

Kwa msomaji asiye wa Dar es Salaam: sisi ni watu wa Gongo la Mboto. Ukitoka mjini kwa barabara ya Nyerere, ukapita uwanja wa ndege, ukapita Banana na Ukonga, unafika kwetu kabla ya Pugu. Mtu wa mkoani akisikia Gongo la Mboto, neno linalofuata kinywani mwake ni mabomu. Wenyewe tunayatumia kuhesabia miaka: nyumba ile ilijengwa kabla ya mabomu, mtoto yule kazaliwa baada ya mabomu.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 16 Februari 2011, baada ya saa mbili usiku. Maghala ya silaha katika kambi ya jeshi yalianza kulipuka, mlio mmoja mmoja kwanza, kisha mfululizo. Ule wa kwanza tulisema transfoma. Wa pili tukasema labda lori la mafuta. Wa tatu hakuna aliyesema kitu, maana mbingu upande wa kambi ilishageuka rangi ya chungwa na kulikuwa na vitu vinapita juu ya paa vikipiga mluzi. Tukakimbia. Wengine walishika njia ya Pugu, wengine walifuata barabara kuelekea mjini, na humo njiani familia zikaachana. Uwanja wa ndege ulifungwa kwa muda. Maelfu walilala Uwanja wa Uhuru. Watu wasiopungua 20 walikufa.

Mdogo wangu wa mwisho, darasa la tano wakati huo, alimponyoka mama mkononi pale Mombasa (ya Ukonga, si ya Kenya) katikati ya watu. Tulimpata Ijumaa mchana. Alikuwa amevaa shati la mtu mwingine na ameshiba. Mpaka leo hatujui aliyemlisha ni nani.

Na hayo hayakuwa ya kwanza. Tarehe 29 Aprili 2009 ilikuwa zamu ya Mbagala: ghala la jeshi vilevile, mchana kweupe, na huko nako walikufa watu zaidi ya 20. Ilikuwa Jumatano pia. Kuna mzee mtaani kwetu ambaye hadi leo hapandi basi la mkoani siku ya Jumatano, na hakuna anayemcheka.

Marehemu baba alikuwa na hesabu yake. Usiku ule wa 2011, wakati sisi tunagombania mlango, yeye alisimama uani anatazama upande wa kambi, midomo inacheza. Mwanga ukimulika, anahesabu: moja, mbili, tatu. Mlio ukifika, anaacha. Halafu akageuka akasema, "Kilomita moja. Twendeni." Baadaye ndiyo alitueleza. Mwanga unafika papo hapo, mlio unatembea kwa miguu yake, mita kama 340 kwa sekunde. Kila sekunde tatu ni kilomita moja na kidogo. Ukiona mwanga, hesabu, utajua balaa liko wapi na kama lina haja na wewe.

Nimeitumia hesabu hiyo kwa radi, nimeitumia kwa fataki za mkesha wa Mwaka Mpya, nimewafundisha wanangu. Jumanne ile haikunisaidia kitu, na ilinichukua siku mbili kuelewa kwa nini. Usiku wa Mwaka Mpya sote tunakuwa nje, shingo zimepinda, tunaangalia juu. Kwanza unaiona ile nyekundu ikifunguka, moyo unacheka, ndipo mlio unafika umechelewa kama mgeni aliyekosa daladala. Jumanne uko ndani unakunja nguo. Mwanga umepita juu ya paa bila kukuona, na kinachokufikia ni kishindo peke yake. Tarehe ndiyo inayokutoa nje uangalie juu. Usipopewa tarehe, unapewa nusu ya fataki, na ni ile nusu inayofanana na bomu.

Sasa msinione mchawi wa furaha za watu. Fataki nazipenda tangu utotoni. Mjomba wangu alikuwa mlinzi Kisutu, na siku za Diwali alikuwa anatuchukua tukalale kibandani kwake getini ili tuone Wahindi wanavyoujaza mtaa moto. Walitugawia vile vijiti vinavyomwaga nyota, ukivishika unaandika jina lako hewani na jina linakaa kidogo kabla ya kufutika. Neno fataki lenyewe tumelipata kwao, kutoka phataka. Nyumbani tulitengeneza zetu: spoku ya baiskeli, msumari na mpira wa kamba. Unakwangua baruti ya njiti za kiberiti kwenye kile kitundu cha spoku, unasokomeza msumari, unagonga ukutani. Paa! Kaka yangu mkubwa ana kovu la kazi hiyo kwenye kidole gumba. Tulipigwa kwa ajili yake, na tulirudia.

Hata sasa, usiku wa kuamkia Januari 12, nikiwa kwa wifi yangu Unguja, sikubali kulala kabla ya fashifashi za Mapinduzi. Saa sita ikifika watu wote wako barazani au juu ya paa. Watoto wamebebwa wakiwa na usingizi, bibi zao wamewafunika masikio kwa viganja. Angalieni hilo jambo la viganja. Bibi anajua kinakuja nini, na anajua kinakuja saa ngapi.

Sijui hasa ni lini mambo yalihama. Nadhani zilianzia kwenye harusi za ukumbini, yale madebe yanayorusha cheche baridi bibi harusi akiingia. Hayo hayana neno, hayapigi kelele. Kisha zikatoka nje ya ukumbi. Zikaja kwenye send-off, zikaja kwenye kitchen party, zikafika kwenye siku za kuzaliwa. Mwaka juzi nimesikia fataki za mahafali ya chekechea, saa saba mchana, jua linawaka, hata cheche hazionekani. Kuna jirani aliyepiga fataki kwa sababu amenunua bodaboda ya pili. Namheshimu, anajituma, lakini hiyo ya kwanza ilifika kimya kimya na ikafanya kazi vizuri tu.

(Wa rika langu wakisikia fataki wanakumbuka na ile nyingine, ya matangazo ya redioni kati ya 2008 na miaka iliyofuata, mwanaume mtu mzima anayewavizia wanafunzi. Huyo naye alikuwa anapiga siku yoyote.)

Usiku wa Jumanne ile, simu yangu ilianza kutetemeka kabla mbwa hawajanyamaza. Kundi la WhatsApp la mtaa. "Risasi?" "Transfoma ya kwa mwarabu?" "Jamani vibaka wa Panya Road, fungeni mageti." "Gesi ya nani?" "Kwetu mtoto amezimia kwa kulia." Mtu mmoja akaweka kile kikatuni cha kucheka, akashambuliwa na watu kumi na moja. Hadi saa tano unusu hakuna aliyekuwa na jibu, na nusu ya mtaa ililala na taa za nje zinawaka. Mama hakulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda na raba zake, akaendelea na tasbihi pale alipokuwa ameikatisha.

Asubuhi nikaenda bandani. Nafuga kuku wa mayai, walikuwa 180. Anayefuga anajua, kuku akishtuka usiku haoni, anachofanya ni kukimbilia kona. Wa pili anamfuata, wa tatu anapanda juu ya wa pili, na walio chini wanakosa pumzi. Hawana jeraha. Unawakuta wamelala vizuri, manyoya hayajavurugika sana, wamepangana kama nguo zilizokunjwa. Nilitoa kumi na nne. Wiki ile na nusu ya wiki iliyofuata niliokota mayai yasiyo na ganda, laini, ukiyashika yanabonyea kama puto lenye maji. Mteja wangu wa chipsi aliniuliza kama nimebadili chakula.

Nilipeleka malalamiko. Sehemu hii nitaipitisha haraka kwa sababu na yenyewe ilipita haraka. Kituo nilichopiga simu waliniuliza kama kuna aliyeumia. Nikasema kuku. Wakasema wanamaanisha mtu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alinikaribisha kiti, akaniulizia hali ya mama, akaniuliza nina ushahidi gani.

"Mlio haukai, mwenyekiti," nikamwambia.

"Basi siku nyingine urekodi, mwanangu."

Hivyo sasa nina rekodi saba kwenye simu, zote za mbwa wanaobweka na mimi mwenyewe nikisema "umekwisha."

Sheria si kwamba hazipo. Tuna Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake tuna kanuni za kelele na mitetemo za 2015, ambazo wenye baa na wenye makanisa wanazifahamu vizuri. Na kila Desemba polisi wanatoa tamko: fataki bila kibali marufuku, kuchoma matairi barabarani marufuku. Tamko hilo nalisikia kila mwaka na kila mwaka linanichekesha kidogo. Linakuja siku ambayo silihitaji. Tarehe 31 Desemba saa sita usiku, mama yangu yuko uani kwenye kiti cha plastiki, ana kikombe cha chai ya tangawizi, anatazama juu na kusema "hiyo ya kijani nzuri." Ni mama yuleyule, na masikio ni yaleyale.

Mdogo wangu, yule aliyepotea, sasa anafundisha kemia sekondari moja mkoani Morogoro. Nilimpigia. Nilidhani tutalalamika pamoja, badala yake akanipa kipindi. Nyekundu inatoka kwenye chumvi za strontiamu, akasema, kijani ni bariamu, njano ni sodiamu, yaani ndugu yake chumvi ya mezani. Kinachorusha ni baruti ya tangu zamani za Wachina: mkaa, salfa na potasiamu naitreti, robo tatu ikiwa hiyo ya mwisho. Lakini kile kishindo cha kutikisa dirisha mara nyingi ni mchanganyiko mwingine, unga wa alumini na potasiamu pakloreti, ambao hauungui kwa mpangilio bali unalipuka. Shirika la Afya Duniani, akaendelea, linaweka ukomo wa mlio wa ghafla kwa mtoto kuwa desibeli 120, mtu mzima 140, na fataki ikilipuka karibu nawe inaweza kuufikia huo wa mtu mzima. Akanyamaza kidogo.

"Na wewe ukizisikia?" nikamuuliza.

"Mimi nasimama karibu na mlango," akasema. "Wanafunzi wanadhani nawazuia wasitoke."

Aliyepiga fataki ya Jumanne tulikuja kumjua siku ya Alhamisi, na haikuhitaji upelelezi. Ni kijana wa mapambo. Amepanga chumba nyuma ya msikiti, anakodisha viti, maturubai, spika mbili na mashine ya moshi, na mlangoni kwake ameandika bei za vifurushi. Kile cha juu kina "fataki za kuingilia." Nilimkuta anaanika vitambaa vya viti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Dogo, Jumanne usiku kulikuwa na shughuli gani?"

Hakuficha. Alikuwa amechukua mzigo Kariakoo, boksi tatu, na kwa mvua hizi za masika aliogopa unyevu umeingia. Akajaribu moja, kwenye kile kiwanja kitupu, asije akaaibika mbele ya mteja. Akanionyesha maboksi, maandishi ya Kichina ubavuni, picha ya joka, na onyo la Kiingereza kwa herufi ndogo kama za dawa ya chupa. Akanionyesha na kile kibomba alichokijaribu, alikuwa amekihifadhi. Karatasi ngumu, kirefu kama kiganja, mdomo umeungua, bado kinanuka kiberiti. Ukikiangalia ni kitu kidogo mno. Niliona aibu kidogo, kuwa nimekuja na hasira zote hizi kwa ajili ya kikaratasi.

"Dada, kwani kuna mtu aliumia?" Na yeye.

Nikamwambia huku kwetu mlio wa usiku si kitu cha kuchezea, toka enzi za mabomu.

"Mabomu gani?"

Hakuwa anajifanya. Ana miaka kumi na tisa, amekuja kutoka Singida miaka mitatu iliyopita. Usiku ule wa 2011 alikuwa mtoto mdogo, amelala kilomita mia kadhaa kutoka hapa. Nikaangalia huku na huku mtaani, nyumba mpya, mageti mapya, fremu za maduka, wapangaji ambao wamefuata kiwanja cha bei nafuu au barabara ya mwendokasi, nikafanya hesabu ya haraka ni nyumba ngapi bado zina mtu aliyekimbia usiku ule. Sikufika mbali. Nilikuwa naishi nikidhani mtaa mzima una viatu chini ya kitanda.

Nikamwambia aje nyumbani anywe chai.

Alikuja baada ya magharibi, amevaa shati la kola. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibu, kaa hapo penye upepo." Nilitegemea mama angemsimulia, na nilikuwa nimejiandaa kumsaidia tarehe. Hakumsimulia. Alimwekea chai na mihogo ya kuchemsha, akamwuliza kwao ni Singida ipi, akamwuliza mama yake anaitwa nani na kama anamtumia hela. Kisha akaenda chumbani akarudi na begi, akalifungua mezani kati ya vikombe, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja.

"Hii ya huyu," akaweka cheti changu. "Hii ya kaka yake. Hii ya yule mdogo, huyu ndiye tulimpoteza siku mbili, sikuwa na karatasi yoyote ya kumtafutia, naulizwa jina, naulizwa tarehe ya kuzaliwa, nimesahau mwanangu kazaliwa lini." Akaweka karatasi ya kiwanja. Akaweka khanga. "Hii ya kulalia. Nililala kwenye majani uwanjani na gauni la ndani." Akaweka tochi, akaiwasha kuhakikisha, akaizima. "Haya maji ya Ijumaa."

Kijana hakugusa muhogo. Aliangalia vile vitu, akaangalia miguu ya mama, nadhani alikuwa anatafuta zile raba maana nilikuwa nimeshamdokeza.

"Bibi, mimi sikujua."

"Ungejuaje?" mama akamwambia, bila ukali. Akamsogezea chumvi.

Walipatana wao wenyewe, mimi nikiwa naosha vikombe. Hatopiga tena fataki ya kujaribu. Za shughuli atasema kabla, siku moja kabla, kwenye kundi, aseme saa na aseme idadi. Idadi ilikuwa sharti la mama. Mimi ningetaka pia zisizidi saa nne usiku na zipigwe mbali na mabanda, lakini hakuna aliyeniuliza.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi jioni, ujumbe ukaingia:

"Habari za jioni wanamtaa. Kesho Ijumaa saa 3 usiku kutakuwa na fataki 3 (tatu) kiwanja cha nyuma ya msikiti, ni send-off ya dada yetu. Samahani kwa usumbufu na karibuni."

Watu wakajibu kwa mikono iliyofumbatwa. Mwenyekiti akaandika "Huu ndio ustaarabu" na kuweka bendera ya taifa. Mimi siku ya pili nikafunika banda kwa magunia upande wa kiwanja, nikawaachia kuku taa inawaka ndani wasikimbilie kona gizani. Saa tatu kasoro mama akatoa kiti chake cha plastiki uani. Chai ya tangawizi. Raba mguuni pia, lakini kamba hakufunga.

Muziki ulisikika kwanza, kisha sauti ya MC akihesabu na watu. Ikapanda ya kwanza, ikafunguka nyekundu juu ya mnara wa msikiti. "Moja," mama akasema, na mlio ukafika kabla hajamaliza neno. Pale kiwanjani ni karibu sana. Bandani nikasikia kuku wanasogeana, wanalalamika, wakatulia. Ya pili ikapanda, kijani yenye mkia wa dhahabu, imetawanyika kama mti wa mwashoki. "Mbili. Hii nzuri," akasema.

Tukasubiri ya tatu.

MC alikuwa ameshaanza kuita wazazi wa bibi harusi mbele. Muziki ukabadilika, wakaweka singeli. Mama alikuwa bado ameinua uso. Nikamwambia nadhani basi. Hakunijibu. Chai ikapoa, nikaichukua, nikamletea nyingine, ikapoa na hiyo. Saa nne ikapita. Nikamwambia, "Mama, imegoma hiyo, si unajua unyevu."

"Kasema tatu," akasema.

Aliinama akafunga kamba za raba, mguu wa kulia kisha wa kushoto, akakaa vizuri kwenye kiti. Nililala nikamwacha. Nilipoamka saa saba kwenda msalani kiti kilikuwa kimehamia karibu na mlango, na yeye bado yuko juu yake.

Alfajiri alivyomaliza kuswali nikasikia ndoo inakwangua sakafu ya bafuni. Nikamfuata hadi nje nikiwa na khanga moja. Alikuwa anavuka barabara ya vumbi kuelekea kiwanjani, ndoo ya lita ishirini imejaa nusu, mwili umeinamia upande mmoja, maji yanamwagikia raba. Kiwanjani kulikuwa na viti vimebebanishwa, makopo, maua ya plastiki. Na kwenye mchanga, karibu na goli la watoto, vibomba vitatu vimesimamishwa kwa mawe. Viwili vimeungua midomo. Cha tatu kilikuwa kipya, utambi umeungua nusu. Watoto watatu wa jirani, wale wanaowahi kucheza mpira Jumamosi kabla jua halijawa kali, walikuwa wamekiinamia, mmoja ana kijiti.

"Tokeni hapo. Msiguse."

Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho mwezi ule wa 2011, tuliporudi nyumbani tukaambiwa tusiguse chuma chochote tutakachokikuta uani, na yeye akawa anatupitisha mmoja mmoja kutoka getini hadi mlangoni akikanyaga mbele yetu. Watoto wakarudi nyuma hadi kwenye mstari wa goli. Mama akaweka ndoo chini, akapumua, akaiinua tena kwa mikono miwili, akaimimina yote juu ya kile kibomba, taratibu, mpaka karatasi ikalegea na rangi ya joka ikaanza kuchuruzika mchangani.

Kisha akageuza ndoo, akaikung'uta, akanipa mimi.

"Lete nyingine."